Kuhesabu Matonge ya Nyangumi

Tulipokuwa wadogo, mama alikuwa na neno moja alilolirudia kila wakati wa chakula. Mtoto akimkodolea macho mgeni anayekula, mama humvuta sikio polepole na kumnong'oneza: "Usimhesabie mwenzio matonge." Hakueleza zaidi. Tulielewa wenyewe kwamba kula ni faragha ya mtu, hata akila mbele ya watu, na kwamba jicho linaloufuata mkono kutoka siniani hadi kinywani huondoa baraka ya chakula. Nililikumbuka neno hilo baada ya miaka zaidi ya hamsini, mbali sana na sinia ya mama, nikiwa nimesimama juu ya sitaha ya meli kaskazini mwa Norway. Ilikuwa mwezi wa Desemba mwaka 2022. Nilikuwa pamoja na watalii wenzangu wapatao mia moja, na sote tulikuwa tukiwatazama nyangumi wakila.

Katika makala haya nataka kuzihakiki safari mbili nilizofanya siku ile: moja ya mchana, kwenda kutazama nyangumi, na nyingine ya usiku, kwenda kutazama mianga ya kaskazini. Huenda msomaji akauliza, tangu lini matembezi ya kitalii yakahakikiwa kama riwaya au tamthilia? Jawabu langu ni kwamba safari ya namna hii ni tamthilia hasa. Ina mtunzi aliyepanga lipi litangulie na lipi lifuate, ina jukwaa, ina msimulizi mwenye kipaza sauti, na ina hadhira iliyolipa kiingilio. Tofauti ni moja tu: wahusika wakuu hawakuulizwa kama wanataka kucheza. Kwa sababu hiyo naona yastahili kupimwa kwa mizani kali zaidi kuliko tamthilia nyingine.

Nianze na tangazo, maana ndilo ukurasa wa kwanza wa utungo huu. Mpwa wangu, binti wa dada yangu, alikuwa akisoma katika chuo kikuu cha Tromsø. Nilipokwenda kumtembelea alikuwa ameshanikatia tikiti zote mbili, akanionyesha tangazo kwenye simu yake. "Tazama, mjomba, siku moja tu utaviona vyote." Katika picha ile mkia wa nyangumi ulikuwa umeinuka juu ya maji, na nyuma yake mbingu nzima ilikuwa ya kijani, mithili ya jani changa la mgomba. Bei sitaitaja, kwani aliyelipa ni mwanafunzi na mimi niliona haya. Lakini baada ya kusafiri nilitambua kuwa picha ile iliunganisha vitu viwili ambavyo abiria wa safari zile havioni pamoja. Nyangumi tuliwatazama mchana, katika saa chache za nuru hafifu. Mianga tuliitazama usiku, katika maji mengine, safari ya saa kadhaa kutoka walipo nyangumi. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Hapa chema kilikuwa kimevalishwa kanzu isiyo yake, na kasoro zote nitakazozitaja zilianzia hapo.

Tromsø ni mji uliojengwa kisiwani, kiasi cha kilomita 350 kaskazini ya mstari wa Aktiki. Kuanzia mwishoni mwa Novemba hadi katikati ya Januari jua halichomozi kabisa. Hata hivyo si giza totoro mchana kutwa. Inapokaribia adhuhuri upande wa kusini huwa mwekundu kama makaa chini ya majivu, theluji ya milimani hugeuka buluu, na kwa muda mfupi mtu aweza hata kusoma gazeti nje. Bahari nayo haigandi, kwa sababu mkondo wa maji ya uvuguvugu kutoka Atlantiki hupita kwenye pwani ile. Basi hilo ndilo jukwaa: maji meusi yasiyoganda, milima myeupe pande zote mbili, na taa ya jukwaani inayowashwa na kuzimwa na sayari yenyewe.

Ajabu ni kwamba mwenyeji halisi wa tamthilia hii hatajwi kwenye tangazo hata mara moja. Naye ni heringi, samaki wa ukoo mmoja na dagaa papa wa kwetu, ila yeye ni mkubwa zaidi. Kila majira ya baridi heringi huingia kwa makundi makubwa mno katika fiodi za kaskazini, yaani ile mikono ya bahari iliyojipenyeza kati ya milima, wakajibanza humo kungoja wakati wa kwenda kusini kutaga mayai. Mwishoni mwa miaka ya 1960 samaki huyu nusura atoweke, kwa kuvuliwa kupita kiasi. Ilichukua miongo miwili kundi lake lianze kurudi. Tena hana makazi ya kudumu. Katika miaka ya 1990 alikuwa akikaa Tysfjord na maeneo ya jirani, baadaye akahama kwenda bahari kuu, kisha katika miaka ya 2010 akaingia Kaldfjord, karibu kabisa na mji wa Tromsø, kwenye kisiwa cha Kvaløya ambacho jina lake lina maana ya Kisiwa cha Nyangumi. Mwaka 2017 akahama tena kwenda kaskazini zaidi, sehemu za Skjervøy. Alikokwenda heringi, nyangumi wakafuata, na walikokwenda nyangumi, meli za watalii zikafuata. Ndiyo maana sisi tuliopanda Tromsø saa mbili asubuhi, gizani, tulisafiri zaidi ya saa tatu kabla ya kuona chochote.

Saa tatu hizo zilikuwa sehemu nzuri ya safari, japo abiria wengi walilala. Palikuwa na supu ya samaki ya moto, na kulikuwa na mwongozaji, kijana mwenye elimu ya viumbe wa baharini, aliyesimulia kwa sauti ya mtu anayependa anachokisema. Alitueleza tofauti ya nyangumi wa aina mbili tuliotarajia kuwaona. Wa kwanza ni nyangumi mwenye nundu, ambaye mtu mzima wake hufikia mita 15 na uzito wa tani 30 hivi. Wa pili ni oka, mweusi mwenye mabaka meupe, ambaye kwa elimu ya viumbe ni mkubwa kuliko wote katika ukoo wa pomboo. Pezi la mgongoni la dume lake laweza kufika karibu mita mbili, likasimama juu ya maji kama tanga la ngalawa.

Alitueleza pia jinsi oka wanavyokula, jambo lililochunguzwa huko Tysfjord na mtafiti Tiu Similä na wenzake mwanzoni mwa miaka ya 1990. Oka hawamfukuzi heringi mmoja mmoja. Familia nzima hulizunguka kundi, wakipuliza mapovu na kugeuza matumbo yao meupe ili kuwatisha samaki, mpaka heringi wajikunje kama mpira karibu na uso wa maji. Kisha mmoja mmoja hupiga mpira ule kwa mkia, wale waliozimia wakaliwa kwa zamu. Ni kazi ya pamoja, yenye subira na mpango. Mtu aliyewahi kuvuta juya na wenzake ataielewa mara moja.

Ilipokaribia saa sita tukawaona. Kwanza tuliona pumzi: moshi mweupe ukiruka kutoka majini, mara hapa, mara pale. Kisha tukasikia, na sauti ile sitaisahau. Nyangumi akivuta pumzi karibu nawe husikika kama mzee aliyepanda ngazi ndefu. Ndani ya dakika chache mapezi ya oka yalikuwa yametuzunguka kwa mbali, na katikati yao nyangumi wenye nundu walikuwa wakiinuka na vinywa wazi, maji na samaki vikimwagika pembeni. Mimi ni mtoto wa mvuvi, nimekulia ufukweni, lakini sijapata kuona bahari ikiwa hai namna ile. Nalieleza hili waziwazi, ili msomaji asidhani nahakiki kwa sababu sikufurahi. Nilifurahi mno, na hapo ndipo penye shida.

Hatukuwa peke yetu. Kulikuwa na meli kubwa kama yetu, mashua za mpira zenye kasi, na watu waliovaa nguo za kupigia mbizi wakingoja kutumbukizwa majini. Kila pumzi ilipoonekana, vyombo viligeuka upande ule kama kuku walioona punje. Mara moja nahodha wetu aliona kundi la oka likielekea magharibi, akaongeza mwendo, akalipita, akatusimamisha mbele yao ili wapite karibu na upande wetu. Hawakupita. Walizama, na walipoibuka walikuwa mbali, wametawanyika, na ule mviringo wao haukuwapo tena. Sitahani kwa mengine, ila nitajihukumu kwa hili: meli ilipowakata njia, abiria walipiga makofi, na miongoni mwa mikono iliyopiga ilikuwamo hii inayoandika.

Ni wakati huo nilipomsikia mama.

Tufikiri kidogo juu ya kile tulichokivuruga. Nyangumi mwenye nundu yupo pale kwa kusudi moja: kula. Mbele yake kuna safari ya maelfu ya kilomita kwenda bahari zenye joto, ambako atapandana au kuzaa, na huko hali chakula cha maana mpaka arudi kaskazini. Hili si la kubahatisha. Upande wa chini wa mkia wa kila nyangumi una alama zake, kama alama za kidole, na nyangumi waliopigwa picha Norway wametambuliwa tena katika bahari ya Karibi. Basi heringi wale ndio masurufu yake ya njiani. Kila anapolazimika kuzama kabla ya wakati, au kuacha samaki ili akwepe rafadha, anapunguziwa masurufu hayo. Kuvurugwa mara moja hakutamwua. Lakini msimu huanza Novemba na kwisha Januari, vyombo hurudi kila siku ambayo bahari inaruhusu, na mwanga wenyewe ni wa saa chache, hivyo vyombo vyote hubanana katika saa zizo hizo.

Tena sisi tulikuwa tukipima karaha yetu kwa macho, ilhali nyangumi huishi kwa masikio. Majini sauti hukimbia zaidi ya mara nne kuliko hewani. Meli ambayo kwetu ilikuwa mbali, kwake ilikuwa imeshaingia chumbani. Nakiri kuwa siku hizi pale Tromsø zipo meli zinazotumia betri zinapowakaribia nyangumi, na tofauti yake ni kubwa. Lakini injini isiyonguruma ikitumiwa kumkatia mtu njia, bado ni kumkatia njia. Mwizi hasifiwi kwa kuvua viatu mlangoni.

Sasa nije kwenye simulizi, maana tamthilia huhukumiwa pia kwa yale isiyoyasema. Mwongozaji wetu alieleza vizuri habari za viumbe, lakini habari za watu aliziruka. Hakusema kuwa ni katika kaskazini ile ile, kwenye fiodi ya Varanger, Mnorwe aitwaye Svend Foyn alikoikamilisha chusa yenye bomu, akapewa hataza yake mwaka 1870, na kwamba chusa ile ndiyo iliyowezesha nyangumi wakubwa kuuawa duniani kote kwa idadi ambayo haikupata kuonekana kabla. Hakusema kuwa mwaka 1903 wavuvi wa Mehamn walikivamia na kukibomoa kituo cha kuchakata nyangumi, kwa kuwa waliamini nyangumi ndiye anayewasukuma samaki pwani, na kwamba mwaka uliofuata serikali ilipiga marufuku kuwinda nyangumi katika pwani ya kaskazini kwa miaka kumi. Wala hakusema habari za oka, ambaye tulikuwa tukimwimbia sifa: kati ya mwaka 1938 na 1981 zaidi ya 2,000 waliuawa katika maji ya Norway, na mwishoni wakiuawa kwa shutuma kuwa wao ndio wanaommaliza heringi. Heringi alimalizwa na nyavu, adhabu akapewa nyangumi.

Kwa nini msimulizi aliyaacha haya? Nadhani ni kwa sababu tamthilia ilitaka hadhira isafi moyo. Aliyelipa fedha nyingi hapendi kuonyeshwa damu. Lakini jioni ile, tulipotembea mjini na mpwa wangu, nilisoma kwenye ubao wa mkahawa mmoja kuwa nyama ya nyangumi inauzwa. Si ya wale tuliowaona. Ni ya minke, nyangumi mdogo zaidi, ambaye Norway ilianza tena kumwinda kibiashara mwaka 1993 baada ya kulipinga katazo la kimataifa. Sisemi Wanorwe wasile chakula chao. Sisi nasi tunakula papa na kasa wetu tumewahi kuwala. Nasema tu kuwa simulizi lililoficha mambo hayo lilitunyima jambo la maana kuliko mkia wowote ulioinuka: kwamba nyangumi wale ni watoto na wajukuu wa walionusurika, na kwamba watu wa nchi ile walibadilika. Kubadilika kwa watu ni habari njema. Kuificha ni kuipoteza.

Nayasema haya bila kujiona bora, kwa kuwa sisi tuna Kizimkazi. Wazee wa kusini ya Unguja wanakumbuka wakati pomboo walipovuliwa ili nyama yao iwe chambo cha papa. Katika miaka ya 1990 utalii wa kuwatazama pomboo ukaanza, na uvuvi ule ukakoma, kwani pomboo aliye hai aliingiza fedha kila siku na yule wa chambo aliingiza mara moja. Yalikuwa mageuzi ya heri. Lakini aliyewahi kufika Kizimkazi asubuhi anajua kilichofuata: boti kwa boti, injini zikinguruma, watalii wakirushwa majini juu ya vichwa vya pomboo. Watafiti waliowachunguza waliona kuwa boti zinapokuwapo, pomboo hupunguza kupumzika. Kwa hiyo nilipokuwa Skjervøy, nikimtazama oka, binamu mkubwa wa pomboo wetu, akikimbizwa na mashua za mpira, sikuwa nikitazama ugeni. Nilikuwa nikitazama nyumbani, tofauti ni theluji tu.

Saa kumi na mbili jioni tukapanda chombo cha pili. Hiki kilikuwa kidogo, abiria hawakuzidi ishirini, na nahodha alikuwa mzee wa maneno machache. Alitutoa bandarini, akatupeleka mbali na taa za mji, kisha akazima injini na taa zote. Hapo kwanza nikahisi baridi ya kweli, ile inayopenya soksi mbili na kugonga mfupa. Juu yetu palikuwa na kitu kama wingu jembamba, la rangi ya majivu, limelala kutoka mashariki hadi magharibi.

"Je, ndiyo hii?" akauliza bibi mmoja, kwa sauti ya mtu aliyepunjwa.

"Ndiyo," akajibu nahodha. "Ngojeni."

Sababu ya bibi yule kuvunjika moyo ni lile lile tangazo. Jicho la mwanadamu likiwa gizani hutumia chembe zisizotambua rangi vizuri, kwa hiyo mianga iliyo dhaifu huonekana ya kijivu. Kamera ikiachwa wazi kwa sekunde kadhaa hukusanya nuru, ikatoa kijani kikali ambacho hakuna aliyekiona. Picha hizo si za uongo, lakini si ushahidi wa jicho pia. Na juu ya chombo kinachoyumba huwa mtihani zaidi, kwani sekunde kadhaa za mawimbi hugeuza nyota kuwa mistari. Hata hivyo nusu ya abiria walikuwa wameinama kwenye vioo vya kamera na simu zao, wakilaumu mawimbi, na mianga ilipobadilika hawakuiona. Mwenye pupa hadiriki kula tamu.

Ilibadilika ghafla. Lile wingu likakunjuka kama pazia lililopigwa na upepo, rangi yake ikawa kijani kweli, kwa macho haya matupu, na ukingo wa chini ukawa wa waridi ukikimbia kutoka kilele kimoja hadi kingine. Nilijua maelezo yake. Mwanzoni mwa karne ya 20 mwanasayansi wa Norway, Kristian Birkeland, ambaye kituo chake cha uchunguzi kilijengwa mwaka 1899 juu ya mlima Haldde karibu na Alta, alieleza kuwa chembe zenye umeme hutoka kwenye jua na kuvutwa na usumaku wa dunia kuelekea ncha zake. Alitengeneza hata mfano mdogo, tufe lenye sumaku ndani ya chombo kisicho na hewa, na mwanga ukaonekana. Leo tunajua kuwa kijani hutoka kwenye oksijeni, zaidi ya kilomita 100 juu yetu. Kuyajua hayo hakukunipunguzia chochote. Nilisimama na mdomo wazi kama mtoto.

Wasami, wenyeji wa kale wa nchi ile, huiita mianga hiyo guovssahas, na wazee wao waliwaonya watoto wasiipigie mluzi. Niliposikia hivyo nilicheka, nikakumbuka tulivyokatazwa kupiga mluzi usiku. Watu wa pande mbili za dunia wasiojuana walikubaliana kuwa usiku una adabu zake.

Sasa nitoe hukumu. Kama kazi ya sanaa, safari ya usiku ni bora kuliko ya mchana, japokuwa ya mchana ndiyo yenye mengi ya kuona. Sababu yake si mianga yenyewe, bali ni kwamba mianga haipotezi kitu kwa kutazamwa. Hata wakija watu elfu kumi wakaikodolea macho mpaka asubuhi, haitazima wala haitahama. Nahodha hana njia ya kuifukuza, kwa hiyo kazi yake ni kuzima taa na kusema "ngojeni". Hasara ya pupa humrudia mwenye pupa. Nyangumi ni kiumbe, yuko mezani, na hasara ya pupa yetu anailipa yeye. Kosa kubwa la waliotunga siku ile ni kuviuza vitu viwili hivi kana kwamba ni kitu kimoja: vivutio viwili, tikiti mbili, picha moja.

Kosa hilo limefungwa kwa fundo la ahadi. Kampuni iliyotubeba mchana iliandika kuwa asiyeona nyangumi atapewa safari ya pili bure. Abiria huliona hilo ni uungwana. Mimi naliona ndilo linalomsukuma nahodha. Mtu aliyeahidi kuonyesha asipoonyesha atapata hasara, kwa hiyo ataonyesha, hata kwa kukata njia. Laiti ahadi ingegeuzwa! Laiti ingeandikwa kuwa tutakwenda mpaka mahali wanapopita, tutazima injini, tutakaa saa moja, atakayekuja atakuja. Wapo watakaokataa kulipa. Lakini nina hakika ya thamani yake, kwa sababu nilipata kionjo. Tulipokuwa tunajiandaa kurudi, nahodha alizima injini ili mabaharia watoe kamba iliyokwama tezini. Vyombo vingine vilikuwa vimeondoka. Nyangumi mmoja mwenye nundu akaibuka mwenyewe, kiasi cha mita thelathini kutoka kwetu, akavuta pumzi mara tatu, akainua mkia, akazama. Hakuna aliyepiga makofi. Dakika zile hazikuwa kwenye ratiba, na ndizo pekee za mchana ule nisizoona aya kuzikumbuka.

Niliporudi chumbani usiku, mpwa wangu alikuwa macho akinisubiri na chai ya tangawizi. "Haya, mjomba, umefurahi?"

Nikamwambia nimefurahi, na nikamshukuru, maana mtoto akikupa zawadi humhesabii dosari zake. Kisha nikamsimulia maneno ya bibi yake kuhusu matonge. Alinyamaza kidogo, akasema: "Lakini mjomba, nyangumi wanaokuja kwetu hawaji kula."

Ni kweli, na ndilo jambo ninalolifikiria mpaka leo. Kuanzia Julai hadi Oktoba nyangumi wenye nundu kutoka bahari ya kusini hupita pwani yetu, Mafia, Zanzibar, Watamu, na sasa nasi tunawapeleka watalii kuwatazama. Kwetu hawaji kula. Huja kuzaa na kunyonyesha. Mama hakutufundisha neno la kumwambia mtoto anayemchungulia mzazi chumbani, kwa sababu hakudhani kuwa lingehitajika.